Keki Iliyolala Kwenye Friji

Shangazi yangu wa Tanga hakuwahi kuiamini friji kwa moyo wote. Aliinunua, akatandika kitambaa cha kufuma juu yake, akaweka ndani maji ya kunywa, samaki na tui lililobaki. Keki na mkate wa mayai vilikaa kabatini, ndani ya bati lililofungwa barabara. Ukimuuliza sababu anakwambia, "Mle ndani vinakakamaa, mwanangu." Mimi niliyesoma sayansi mpaka kidato cha sita nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Baridi huhifadhi, joto huharibu. Kuna nini cha kubishania hapo? Sikukuu moja ya Idi iliangukia msimu wa joto kali. Usiku watu walipolala nikaitoa keki yake kabatini nikailaza kwenye friji. Asubuhi ilikuwa ngumu kama sponji iliyosahaulika juani. Shangazi hakugomba. Alinikatia kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote pale, akanisimamia mpaka nikakimaliza.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba kesi yetu ilikuwa na hukumu tangu 1852. Mwaka huo mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alichapisha majaribio yake juu ya mkate unaozeeka. Watu wakati ule waliamini jambo ambalo wengi wetu bado tunaliamini: mkate unakuwa mgumu kwa sababu umekauka. Boussingault aliuziba mkate usipoteze maji, nao ukawa mgumu vilevile. Kisha akaupasha moto mkate uliokwisha kuwa mgumu, ukalainika, ingawa hakuuongezea hata tone. Kama ugumu ungekuwa ni ukosefu wa maji, moto ungeuzidisha.

Mpishi yeyote wa wali analijua jambo hili, ila hajaliita ugunduzi. Wali uliolala ni mgumu, punje zinaachana kama changarawe, na ukiulaza kwenye friji unazidi. Uweke jikoni, funika sufuria, uache mvuke ufanye kazi yake, na kiporo kinarudi kuwa chakula. Maji yalikuwamo usiku kucha. Kilichobadilika ni wanga.

Ndani ya unga, wanga umefungamana katika chembe ndogo zenye mpangilio. Unga uliolowa ukipata moto, chembe hizo hunywa maji, huvimba, mpangilio wake huvunjika, na ndiyo sababu keki inayotoka jikoni ni laini. Ikishapoa, molekuli za wanga huanza kutafutana. Polepole zinajipanga tena bega kwa bega, zinatengeneza fuwele, na maji yaliyokuwa katikati yake yanasogezwa pembeni. Ulimi unaonja ukavu, kumbe mizani ingekwambia uzito ni uleule. Ukiipasha moto, fuwele zinavunjika na ulaini unarudi, kwa muda.

Kuhusu friji, jibu lilitoka Amsterdam. Mholanzi J. R. Katz, katika miaka ile Ulaya ilipokuwa ikijadili kuwaondolea waokaji mikate kazi ya usiku, alijiuliza mkate uokwe lini na ukae wapi ili asubuhi mlaji auone mpya. Aliuweka mkate katika viwango mbalimbali vya joto. Uliokaa kwenye nyuzi 60 au zaidi ulibaki laini. Kadiri alivyoshusha joto, ndivyo mkate ulivyozidi kuzeeka haraka, na kasi ilikuwa kubwa kabisa karibu na nyuzi 0. Alipougandisha kabisa, uzee ukasimama. Baadaye akautazama kwa miali ya eksirei akaziona dalili za fuwele zenyewe. Sasa friji ya nyumbani inakaa kwenye nyuzi ngapi? Nyuzi 4 hivi. Yaani tumenunua kwa fedha zetu kisanduku kinachozeesha mkate kwa kasi karibu na ile ya juu kabisa.

Sukari na mafuta huchelewesha safari hiyo, ndiyo maana keki ya siagi huvumilia kuliko boflo. Lakini kuchelewesha si kuzuia. Keki kavu, yaani isiyo na krimu wala matunda mabichi, ikae mezani au kabatini ndani ya chombo kinachofunga, siku mbili tatu. Kama ni nyingi, ikate vipande, funga kila kipande kwa nailoni, peleka kwenye friza, ile sehemu inayogandisha hasa. Ukitaka kula, kitoe kipande na nguo yake kiyeyukie mezani. Keki isikae katikati, kwenye shelfu ya maji na mboga, ikajidhania imehifadhiwa.

Hapo shangazi anastahili kupigiwa vigelegele. Lakini apigiwe mara moja tu, kwa sababu ndani ya bati lilelile alikuwa akiweka pia keki yenye krimu, na huko yeye ndiye aliyekosea.

Neno letu "kuharibika" limebeba mizigo mingi mno. Keki iliyokakamaa imeharibika, iliyoota ukungu imeharibika, na ile inayokupeleka msalani usiku kucha pia tunasema iliharibika. Kumbe ni mambo matatu yenye sababu tatu. La kwanza ni wanga kujipanga, na halijamuua mtu. La tatu ndilo la kuogopa, na kwa bahati mbaya ndilo lisiloonekana.

Lilifichuliwa katika nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu. Mwanasayansi Mmarekani M. A. Barber alikuwa akifanya kazi Ufilipino, na kulikuwa na shamba moja ambalo kila akilitembelea anaondoka na tumbo la kutapika. Akatafuta chanzo. Alikuta kwamba maziwa ya ng'ombe mmoja hayakumdhuru yakinywewa mabichi palepale, lakini yakiachwa saa kadhaa kwenye joto la chumba yanamlaza. Aliyajaribu kwa tumbo lake mwenyewe, akachapisha mwaka 1914. Bakteria waliokuwamo hawakuwa shida wenyewe. Shida ilikuwa kitu walichokitengeneza walipopewa joto na muda.

Taarifa yake haikupewa uzito. Ikabidi keki izungumze. Mwaka 1930 huko Chicago, Gail Dack na wenzake walichunguza tukio la watu 11 walioumwa baada ya kula keki za Krismasi za sponji zilizojazwa krimu katikati. Wakampata bakteria aina ya stafilokoki, wakamkuza, wakachuja maji aliyokuzwa ndani yake mpaka hakuna bakteria hata mmoja, wakawanywesha watu waliojitolea. Wakaumwa vilevile. Sumu ilikuwa imeshatoka kwa mwenyewe na inajitegemea.

Bakteria huyu hatoki jalalani. Anakaa kwenye ngozi na puani mwa watu wengi wenye afya njema. Mpishi aliyejikata kidole, au aliyejifuta pua kisha akapaka krimu, anamhamisha bila habari. Oveni haimsaidii mlaji, maana krimu hupakwa keki ikiwa imeshatoka motoni. Na sumu yake ikishakuwamo haiondoki hata kwa kuchemsha. Haina harufu, haina ladha, haibadilishi rangi. Shangazi alikuwa na pua ya kuaminika kuliko vipimo vingi. Tui lililochacha alilijua akiwa uani. Pua hiyo kwa krimu ya namna hii ilikuwa haina kazi. Mtu hula akasifu, kisha baada ya saa 1 hadi 6 anaanza kutapika, na lawama zinaangukia pilau.

Kwa hiyo krimu ya maziwa, kastadi, jibini laini, na keki iliyopambwa kwa maembe au mapapai yaliyokatwa, hizo ndizo za friji. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2. Wamarekani huishusha iwe saa 1 joto likizidi nyuzi 32, na Februari ya Dar es Salaam mchana inafika huko bila kujikaza. Saa hizo zihesabu kuanzia keki inapotoka, si kuanzia mgeni wa heshima anapowasili. Ndiyo, wanga wake utazeeka kidogo mle ndani. Kati ya keki iliyokakamaa kidogo na usiku wa kukimbizana na ndoo, sijui nani anahitaji kushauriwa.

Umeme ukikatika, acha mlango wa friji ulivyo. Ikiwa haifunguliwi hushika baridi saa 4 hivi. Adui yake mkubwa saa hizo ni mtoto anayefungua kila baada ya dakika tano kuangalia kama baridi bado ipo.

Sasa swali ambalo hadithi ya Chicago inaliacha wazi: mbona halua haituumizi? Ni tamu, ina wanga, inashikwashikwa kwa mikono sokoni, inasafirishwa kutoka Wete mpaka Unguja, kutoka Muscat mpaka Mombasa ndani ya mabegi ya wageni, na haijawahi kuona friji. Mabuyu ya rangi yako vilevile, na kashata, na tende. Kama joto ndilo mharibifu, vitu hivi vingekuwa vya kwanza kuoza.

Aliyetupa namna nzuri ya kulijibu ni Mwaustralia William James Scott. Katika miaka ya 1950 alionyesha kwamba kujua chakula kina maji kiasi gani hakutoshi. La kujua ni maji mangapi kati ya hayo yako huru. Sukari ikiyeyuka huyashika maji, chumvi nayo hivyo hivyo, na maji yaliyoshikwa bakteria hawezi kuyanywa. Kikiwa na sukari ya kutosha, chakula kinaweza kuonekana kibichi na cha kuteleza, huku bakteria aliyetua juu yake anakufa kiu kama baharia aliyezungukwa na maji ya chumvi.

Kipimo cha maji hayo huru huenda kutoka 0 hadi 1. Maji matupu ni 1. Maziwa yako karibu na 0.99, mkate mpya karibu na 0.95. Bakteria wengi hushindwa kukua chini ya 0.91, stafilokoki ni mkaidi, yeye anakwenda mpaka karibu 0.86. Ukungu mwingi unavumilia mpaka 0.80, na wachache wa ajabu wanafika 0.61. Asali iko kwenye 0.6 hivi, na ndiyo sababu chupa ya asali inaweza kukaa juu ya kabati mpaka ukasahau nani aliyekuletea. Halua hupikwa ikikorogwa muda mrefu mpaka mikono inauma: maji yanapanda na mvuke, sukari inabaki na kuyakumbatia yaliyosalia, samli inazunguka kila kitu. Mpishi wa halua anaijua ikiiva kwa jinsi inavyoachana na sufuria. Scott angeleta kipimo chake, wangekubaliana.

Na ndiyo sababu halua ukiiweka kwenye friji unaikosea adabu. Haikuhitaji ulinzi, na wanga wake, kama wa wali, unakakamaa kwa baridi. Ikishafikia hali hiyo, ipashe kidogo juu ya mvuke.

Ukiwa na kipimo hiki mkononi unaacha kuuliza "kitu hiki ni kitamu au si kitamu" unauliza maji yake yako wapi. Mkate wa kumimina ni mtamu, lakini umejaa tui na maji huru, na siku ya pili kwenye joto unaanza kunuka uchachu. Vileja ni vikavu, vina samli na unga wa mchele, vinakaa wiki. Keki ya matunda makavu ya harusi, nzito, yenye sukari nyingi, inakaa muda mrefu; sponji ya mayai haikai. Aisingi ya siagi na sukari ya unga ina sukari nyingi kiasi kwamba bakteria hapati nafasi kubwa, ila siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na maua yako yatashuka ukutani mwa keki kabla ya bibi harusi kuingia. Hilo ni tatizo la umbo, si la afya. Waokaji wa pwani wanalitatua kwa kuchanganya mafuta mgando ya mimea yanayoyeyuka kwa joto la juu zaidi. Nairobi hawahitaji hila hiyo siku nyingi za mwaka.

Kipimo cha Scott kina faida nyingine, kwangu tamu kuliko ile ya kwanza. Chakula kikifungwa ndani ya chombo, hewa iliyo juu yake hupata unyevu na kutulia. Ikitulia kwenye asilimia 80, basi chakula kile ni 0.80. Maana yake ni kwamba chakula na hewa huwa vinabadilishana maji mpaka vilingane. Hewa ya pwani mara nyingi ina unyevu wa asilimia 75 au zaidi. Kashata, iliyo kavu kuliko hewa hiyo, inakunywa maji kutoka hewani na kunata kwenye meno na karatasi. Ichukue kashata ileile mpaka Dodoma wakati wa kiangazi na itabaki kuvunjika kwa mlio. Keki iliyo mbichi kuliko hewa inafanya kinyume, inatoa. Wote wawili wanahitaji kifuniko, kila mmoja kwa sababu yake.

Lakini usiwafungie chumba kimoja. Hili tunalikosea karibu kila nyumba baada ya sikukuu: sahani zimebaki nusunusu, tunamimina keki, visheti, biskuti na tambi za sukari katika bati moja kuokoa nafasi. Bati likifungwa, maji yanahama kutoka keki kwenda kwa biskuti. Kesho yake biskuti zimelegea na keki imekauka, na kila mtu anamlaumu aliyenunua bati. Uingereza, tabia hii ya kuzeeka iliwahi kufika mbele ya baraza la kodi: mwaka 1991 ilibidi kuamuliwa kama Jaffa Cakes ni keki au ni biskuti zilizopakwa chokoleti, kwa kuwa biskuti za namna hiyo zililipiwa kodi na keki hazikulipiwa. Moja ya hoja ilikuwa kwamba keki ikizeeka inakuwa ngumu, biskuti ikizeeka inakuwa laini. Jaffa Cakes zilikuwa ngumu. Zikashinda.

Kuna maji mengine yanayoingia kwa mlango wa nyuma. Umetoa keki yenye chokoleti kwenye friji, umeifunua palepale ili ipate kuonekana, na baada ya dakika chache inatoka jasho. Si jasho lake. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kudondosha umande ikigusa kitu kilicho chini ya nyuzi 26, na keki yako ina 4. Umande huo unayeyusha sukari ya juu, na ukikauka unaacha mabaka meupe kwenye chokoleti ambayo watu hudhani ni ukungu. Pia unalowesha uso wa keki, na uso uliolowa ndio shamba la ukungu wa kweli. Dawa ni uvivu: itoe ikiwa imefunikwa, iache hivyohivyo mpaka ubaridi usisikike tena ukiigusa kwa nje, umande uangukie kifuniko, kisha funua. Kwa keki ya krimu dakika hizo nazo zihesabiwe ndani ya zile saa 2.

Sheria ya maji haitawali kila kitu. Kashata za karanga na visheti vilivyokaangwa, hata vikiwa vikavu vya kupukutika, vina mafuta, na mafuta hugombana na hewa, mwanga na joto mpaka yakatoa ile harufu ya chupa ya mafuta ya zamani. Hapo baridi inasaidia kweli, na chombo kisichopenya mwanga kinasaidia, na kujaza chombo mpaka juu ili hewa iwe kidogo. Kuhusu sisimizi sina sayansi ya kutoa. Sahani ya maji chini ya bati bado inawashinda, ukikumbuka kuongeza maji.

Mwaka huu nilioka nyumbani keki mbili kwa ajili ya harusi ya binamu, moja ya matunda makavu, moja ya sponji na krimu. Shangazi sasa ni mtu mzima sana, anakaa kitini anaamuru. Ya matunda ikaenda katika bati lake la zamani, ya krimu ikaenda kwenye friji, na kutoka hapo ikasafiri kwenye deli lenye barafu. Aliniangalia nikiifunga.

"Hiyo itakakamaa," akasema.

"Kidogo, shangazi."

"Basi nikatie ile nyingine," akasema, akanyoosha sahani.